Upele wa wadudu wa ngozi (skabi) kwa mtoto wa wiki 6: dawa ipi, na kichwani ipakwe?

Mkunga_Zamu: Habari za jioni wadau. Mtoto wa wiki 6, kilo 4, ana vipele vya maji viganjani na nyayoni, vingine kwapani, na vinundu vigumu kinenani. Mama anajikuna usiku katikati ya vidole na kuzunguka chuchu. Mtu mzima hupakwa kuanzia shingoni kushuka chini, huyu je? Pemethrini (krimu ya kuua wadudu wa upele) imeandikwa kuanzia miezi 2. Je, BBE (dawa ya kupaka ya benzili benzoeti) iliyozimuliwa kwa maji inafaa? Hana homa, ananyonya vizuri.

Mfamasia_Dirishani: BBE weka kando. Inaunguza ngozi, na kichanga hufyonza dawa nyingi kwa sababu eneo la ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito. Kuizimua hakuigeuzi kuwa dawa ya kichanga. Lindeni, dawa nyingine ya kupaka, ndiyo usiiguse kabisa, huleta degedege. Ivamektini, dawa ya kumeza, ni ya kuanzia kilo 15.

Zinabaki mbili. Salfa ya 6% ndani ya mafuta ya mgando, iliyochanganywa na mfamasia (si unga wa salfa wa shambani!), hupakwa mwili mzima mara moja kwa siku, siku 3 mfululizo. Inanuka na kuchafua nguo, ila ndiyo iliyozoeleka chini ya miezi 2. Pemethrini 5% madaktari wengi huitumia hata umri huu, lakini kwa maagizo yao na uangalizi. Mzazi asijinunulie.

Nesi_wa_Ngozi: Kichwani ipakwe, ndiyo. Kwa watoto wachanga wadudu hupanda usoni na utosini, kwa hiyo kuishia shingoni ni kuwaachia maskani. Kama daktari ameandika pemethrini: ngozi iwe kavu na ya baridi, isiwe imetoka maji moto, maana joto huongeza dawa kupenya mwilini. Paka safu nyembamba kichwani, nyuma ya masikio, usoni ukikwepa macho na mdomo, shingoni kwenye mikunjo, kitovuni, chini ya nepi, katikati ya vidole na chini ya kucha (zikate kwanza). Mvishe soksi mikononi asinyonye vidole. Ukibadilisha nepi au kumfuta mahali, paka tena hapo. Ioshwe baada ya muda wa saa 8 hadi 12, kisha rudia baada ya siku 7 hadi 14 ili kuwawahi walioanguliwa kutoka mayai yaliyonusurika.

Mama naye apake, ila aoshe chuchu kabla ya kunyonyesha na kuzipaka tena akimaliza.

Mkunga_Zamu: Asante. Baba na bibi wa mtoto hawawashwi. Nao wapakwe?

Nesi_wa_Ngozi: Wote, siku ileile moja. Anayeambukizwa kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa huku akiwaambukiza wengine. Ukiona upele "umegoma dawa", mara nyingi kuna mmoja nyumbani aliyejiona mzima. Nguo, shuka na taulo za siku 3 zilizopita zifuliwe kwa maji moto sana. Zisizofulika zifungwe kwenye mfuko wa plastiki siku 3 au zaidi, kwani mdudu bila ngozi ya mtu hafiki mbali. Kupuliza dawa za wadudu chumbani hakuna faida, na kuna mtoto humo.

Mfamasia_Dirishani: Nyongeza. Muwasho huendelea wiki 2 hadi 4 hata wadudu wakiwa wamekufa wote, na vinundu vya kinenani hudumu miezi. Hiyo si sababu ya kupaka kila siku. Kurudia ovyo hukausha ngozi, ikawasha zaidi, mzazi akadhani upele umerudi. Vipele vipya baada ya wiki 4 ndivyo vya kuchunguzwa upya. Krimu ya steroidi (ya kutuliza muwasho) isitangulie: hufifisha dalili huku wadudu wakizaliana.

Vikitunga usaha au magamba ya njano, au mtoto akipata homa au kukataa ziwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Bakteria hupenya kwenye michubuko, na kwa kichanga huweza kufika kwenye damu haraka.

Mkunga_Zamu: Nimeelewa. Naanza na rufaa kwa daktari wa watoto, na orodha ya wote wanaolala nyumba ile.