Naomba ushauri: kitabu cha chemshabongo za Disney chenye uhariri mbovu

Wakuu, naomba ushauri. Kitabu kina dondoo tamu za bustani za burudani za Disney kule Marekani, ila uhariri ni wa ovyo: herufi zimerukwa, aya moja imechapwa mara mbili. Hayo yanavumilika. Kinachonisumbua ni miaka. Ukurasa mmoja unasema Disneyland ya California ilifunguliwa 1955, sahihi kabisa. Mwingine unasema 1971, ambao ni mwaka wa Magic Kingdom, bustani nyingine ya Disney kule Florida. Pirates of the Caribbean, burudani ya kupanda mashua iliyomo katika bustani zote mbili, nayo ilianza 1967 California, Florida 1973, kwa hiyo bustani zikichanganywa jibu zima linaharibika. Nafikiria kuhakiki majibu 20 yenye mwaka. Makosa yakizidi 2, nakiacha. Kipimo hicho kinatosha, au nihakiki pia maelekezo yaliyomo kitabuni ya kutafuta vitu vilivyofichwa ndani ya bustani?