Albamu za watu wanaoishi na maumivu: naombeni nyingine kama No Shape

FundiCherehani_Tanga
Wakuu, salaam. Nina selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, tangu utotoni. Kipupwe kikiingia tu, maumivu yanaanzia kwenye mifupa ya miguu, yanapanda kiunoni, nami nalala nimekumbatia chupa ya maji ya moto niliyoizungushia kanga. Hapo taarabu siiwezi, bongo fleva pia, maana karibu zote ni mapenzi.

Ninachosikiliza ni No Shape ya Perfume Genius, yaani Mike Hadreas wa Marekani, iliyotoka Mei 2017. Anaishi na ugonjwa wa Crohn, ule wa uvimbe wa utumbo usiopona. Wimbo wa kwanza unaanza na kinanda na sauti yake ya chini, kama anayeogopa kumwamsha mtu, mara vyombo vyote vinafumuka kwa pamoja. Kwangu maumivu huja hivyohivyo. Mbele huko anatamani kuelea bila umbo lolote. Haombi huruma, anataka kuuacha mwili kidogo apumzike.

Kuna albamu nyingine ya mtu anayeumwa kweli? Hasa mwenye selimundu.

KandaZaZamani
Pole sana dada. Tafuta H.N.I.C. ya Prodigy wa Mobb Deep, kundi la rap la Marekani, ya mwaka 2000. Ni nzito, lakini alizaliwa na selimundu na humo kuna wimbo mzima anaouelekeza kwa wanaolalamikia msongo wa mawazo: yake ni mateso ya mwili, hayakomi. Alifariki Juni 2017 akiwa na miaka 42.

Muuguzi_Mwanza
Ongeza T-Boz, mwimbaji wa kundi la kinadada la TLC la Marekani. Naye ana selimundu, na utotoni aliambiwa hatafika miaka 30. Nyimbo zao hazihusu ugonjwa, lakini watoto wangu wodini huwa nawaambia: huyu mwenye sauti nzito ni mwenzenu. Wanaomba niurudie wimbo.
Na maji unakunywa ya kutosha, mdogo wangu? Foliki asidi, vile vidonge vya kusaidia kutengeneza damu, usiiache.

Mpenda_Vinanda
Mimi No Shape naisikia kama albamu ya mapenzi kabisa. Wimbo wa mwisho una jina la mwenzi wake, Alan, anayepiga naye muziki. Anashangaa tu kwamba bado wako pamoja.

FundiCherehani_Tanga
Mpenda_Vinanda, ni kweli, na ndiyo maana haya mapenzi yananiingia. Ni ya mtu anayelala na mwenzake huku tumbo linamkata. Dada muuguzi, maji nakunywa, ahsante.
Prodigy nimemsikiliza usiku huu, mara mbili mfululizo. Ana hasira ambayo mimi sijawahi kuruhusiwa kuionyesha. Nyumbani mgonjwa mzuri ni anayenyamaza. Nimemtumia kaka yangu ule wimbo, maana kila nikishikwa huniambia nijikaze. Kajibu kwamba atausikiliza akitoka kazini. Naomba na nyingine za kinamama, kama mnazijua.