Mama yangu ana miaka 73, kalima korosho maisha yake yote, leo anakatwa kwenye orodha kisa nyumba ina bati

Wakuu habari zenu. Nina hasira na nitaandika kirefu, mnivumilie.

Mama yangu yuko kijijini huko mkoa wa Mtwara. Wiki iliyopita kulikuwa na mkutano wa kuhakiki majina ya kaya maskini zinazopata ruzuku ya serikali, katoka nyumbani saa mbili asubuhi na mkeka wake, kakaa chini ya mwembe pale ofisi ya kijiji mpaka saa nane mchana bila kula. Zamu yake ilipofika kijana mmoja mwenye daftari akasoma jina, mtu akasema huyu nyumba yake ya bati af ana mtoto Dar. Basi. Jina likapigwa mstari. Hakuna aliyemuuliza jana kala nini, hakuna aliyeuliza wale wajukuu wawili anaoishi nao nani anawanunulia madaftari. Mama kasema "ahsanteni wanangu", kakunja mkeka, kaondoka. Hiyo ahsanteni ndo imeniuma kuliko yote, kanisimulia kwenye simu na usiku huo sijalala.

Hilo bati nimeliezeka mimi 2019. Nilidunduliza miezi saba kwa kuchomelea mageti na madirisha huku Mbagala, nikanunua bando kwa bando, geji 30 ile nyepesi kabisa, kwa sababu makuti yalikuwa yanavuja mpaka kitandani kwake. Leo naambiwa kwa kumwezekea mama yangu nimemtoa kwenye umaskini. Kwa hiyo nilitakiwa nimwache anyeshewe ndo serikali imwone? Na huyo "mtoto Dar" ni mimi ninayelipa chumba, nina wanangu watatu, siku umeme ukikatika sina hata mia. Namtumia mama ninapopata, sasa kuna mwezi napata na kuna mwezi sipati, na presha yake yeye haijui mwezi gani mimi nimekosa kazi.

Na hata kipindi yupo kwenye orodha ilikuwa mateso. Ilisemwa hela zipitie kwenye simu, laini lazima isajiliwe kwa alama za vidole. Yule dada wa usajili kamfuta vidole kwa kitambaa, kampaka mafuta, kajaribu dole gumba, kajaribu cha shahada, vimeisha vyote kumi mashine inakataa. Vidole vya mama yangu havina mistari tena. Kuna miaka alikuwa anabangua korosho kwa mkono ili sisi tuende shule, na anayejua yale mafuta ya ganda la korosho anajua yanavyounguza ngozi, na kilichobaki kimemalizwa na mpini wa jembe. Yani alama za kazi aliyoifanyia hii nchi ndo zimemfanya mashine isimtambue. Ikabidi hela iwe inapita kwenye laini ya jirani.

Sasa naomba twende kwenye kiini, maana najua kuna watu watasema hilo ni tatizo la mwenyekiti wa kijiji tu. Hapana. Mwenyekiti kafanya alichowekewa mbele yake, kapewa nafasi chache na watu wengi kaambiwa chagua, mwingine angekuwa pale angekata jina la mwingine. Tatizo ni msingi wenyewe. Mzee wa Tanzania Bara ambaye hakuwahi kuajiriwa hana haki yoyote ya kudai uzeeni, ana bahati tu. Ukipendwa unaandikwa, usipopendwa unakatwa, na ukikatwa unashukuru.

Fungueni Katiba ya 1977 Ibara ya 11 msome wenyewe. Imeandikwa kwamba mamlaka ya nchi itaweka utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kufanya kazi, kupata elimu, na haki ya kupata msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Haki, ndo neno lililotumika. Mara ya kwanza kuisoma nilifurahi, nikajua basi mama ana pa kusimamia. Kumbe rudi nyuma Ibara ya 7(2), inasema masharti ya sehemu hiyo, ambayo Ibara ya 11 imo, hayawezi kutiliwa nguvu na mahakama yoyote. Kwa hiyo una haki ila ukinyimwa huna pa kwenda. Nimeirudia mara tatu nikidhani nimesoma vibaya.

Af angalieni mpangilio wa hizi sera. Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka 2003, na inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Mwaka huohuo 2003 ikatoka na Sera ya Hifadhi ya Jamii, ambayo inakubali kabisa kwamba lazima kuwe na ngazi ya chini ya kuwasaidia wasiochangia mfuko wowote, ndo juu yake mifuko ya lazima, ndo juu zaidi ya hiari. Imeandikwa vizuri sana. Mtoto akapata Sheria ya Mtoto 2009, watu wenye ulemavu wakapata sheria yao 2010, na walistahili, sina ugomvi na hilo hata kidogo. Mzee akaachiwa sera. Na sera huwezi kuibeba ukampelekea hakimu.

Hata matibabu, wote tumeimba matibabu bure kwa wazee. Nendeni mkasome vizuri, ni bure kwa wazee WASIO NA UWEZO. Hayo maneno matatu ndo yanaua, maana lazima kwanza mtu athibitishe kwamba huna uwezo, tunarudi palepale kwenye bati. Mama kitambulisho cha matibabu anacho, alipambana akakipata. Kaenda hospitali, dirisha la wazee lipo, bango la kumpisha mzee lipo, kaonwa na daktari bila kulipa, nashukuru kwa hilo. Kufika dirisha la dawa, dawa ya presha hakuna, kanunue nje. Ya mwezi mmoja elfu kumi na mbili. Sasa bure iko wapi kwa mtu ambaye hiyo elfu kumi na mbili ndo unga wake wa wiki mbili? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 nayo inasema serikali itawabeba wasio na uwezo, nikasema mungu wangu, daftari lilelile tena.

Kuna jambo lingine linanikera kwenye mijadala yetu. Kila ukisikia neno hifadhi ya jamii nchi hii ujue ni kikokotoo, yani ile hesabu ya kiasi mstaafu anacholipwa kwa mkupuo. 2018 mifuko ya pensheni ikaunganishwa ikazaliwa PSSSF ya watumishi wa umma, NSSF ikabaki na sekta binafsi, mwisho wa mwaka huo kikokotoo cha 25% kikaleta moto mpaka Rais Magufuli akakisimamisha. 2022 kikaja cha 33%, 2024 kikapandishwa mpaka 40% kwa waliokuwa wanapata nusu zamani. Walimu na manesi wana haki ya kulia, ni jasho lao, niko nao. Lakini mama yangu hana hata cha kukokotolewa! Na wakulima, wavuvi, mama lishe, bodaboda, sisi mafundi wa vijiweni, ndo wengi wa nchi hii. Toka ule mfuko wa akiba wa 1964 (NPF) mpaka leo mfumo umejengwa kumzunguka mtu mwenye mwajiri.

Na msiniambie hakuchangia. Korosho ya mama imekatwa ushuru wa halmashauri miaka yote, ilikuwa hadi 5%, ikaja kushushwa 3% mwaka 2017, juu ya hapo makato ya chama cha msingi cha ushirika, makato ya chama kikuu, usafiri, ghala. Nilikuwa mdogo namwona anarudi na karatasi ya malipo, anamwomba jirani amsomee, jirani anasoma makato mstari mmoja mmoja, mama anahesabu kwa vidole hivyohivyo. Kodi ya maendeleo tulikuwa tunaijua kabla haijafutwa 2003, mgambo wakipita baba analala porini. Huyu ni mchangiaji. Amechangia miaka hamsini, tofauti yake na mtumishi ni kwamba hakuna aliyeandika jina lake kwenye kitabu.

Sasa ng'ambo tu hapo. Zanzibar toka Aprili 2016 mzee akifika miaka 70 analipwa pensheni jamii. Walianza na elfu ishirini kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi elfu hamsini, na inatoka kwenye bajeti yao ya serikali. Hawaulizi bati. Hawaulizi una mtoto Dar au Muscat. Unathibitisha umri na kwamba ni mkaazi, basi, awe bibi wa Makunduchi aliyekuwa analima mwani au aliyekuwa karani, wote sawa. Nina rafiki wa Unguja, bibi yake siku ya malipo anavaa kanga mpya anakwenda kupokea, anarudi na samaki, anawaita wajukuu. Hela si nyingi, lakini anakwenda kuchukua CHAKE. Mama yangu alikwenda kuomba. Ndo tofauti ninayoipigia kelele, na ni Watanzania wote wawili, kitambulisho cha NIDA kilekile, bendera ileile.

NYONGEZA: nimesoma komenti zenu. Anayesema Zanzibar ni ndogo, Bara haiwezekani, Kenya si ndogo, sensa yao ya 2019 walikuwa zaidi ya milioni 47, na toka 2018 wana mpango wa Inua Jamii kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, shilingi elfu mbili zao kwa mwezi. Inacheleweshwa na wazee wao wanalalamika sana, ni kweli, lakini Mkenya analalamika amecheleweshewa, mimi nalalamika mama kafutwa. Lesotho walianza 2004, na Lesotho si tajiri. Kama hela ni ndogo anzeni na miaka 80, mwakani mshuke 75, mtafika 70. Ila iwe umri, isiwe macho ya mtu kuangalia paa.

Anayesema jukumu la wazazi ni la watoto, ndugu yangu mimi silikimbii, na nitamlea mama mpaka mwisho. Lakini Azimio la Arusha la 1967 lenyewe liliposema kila mtu aishi kwa kazi yake liliwatoa watoto na wazee wasiojiweza, na mzee aliyezika wanawe wote anaishi kwa jukumu la nani? Kijijini kwetu wapo wanne wa hivyo nawajua kwa majina.

Aliyeniuliza kama nimekata rufaa, mama hakupewa karatasi yoyote, alisomewa tu. Mwenye kujua rufaa inaanzia wapi, kwa mtendaji wa kijiji, kata au moja kwa moja kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, na inatakiwa barua ya namna gani, tafadhali aweke hapa au aje inbox. Ijumaa usiku napanda basi kwenda huko, na nataka Jumatatu niwe pale ofisini mlango ukifunguliwa.