Tupeane uzoefu: ugonjwa wa zinaa ulioonekana nikiwa na mimba

Wamama, leo tuseme hii tunayofichana. Niko Kadutu, Bukavu. Kwenye CPN (kliniki ya wenye mimba) ya mimba ya pili walinichoma kidole, wakapima UKIMWI na kaswende. Kaswende ikaonekana! Sina kidonda, sina maumivu. Mimba ya kwanza iliharibika, hakuna aliyeniambia sababu. Nikachomwa penisilini matakoni kila wiki, mpaka tatu. Inauma, tusidanganyane. Lakini kazi ilikuwa kumwambia baba watoto. Nilimpa karatasi ya laboratwari asome mwenyewe. Akanuna, akauliza nimeitoa wapi, halafu akaenda kupimwa. Mtoto alizaliwa mzima. Nyinyi mulifanyaje?

— Pole, yaya. Niko Goma, Birere. Yangu ilikuwa kisonono. Nilitibiwa, mzee, bwana yangu, akakataa, eti waganga wa hospitali wanatafuta pesa tu. Ikanirudia. Mama mkwe akaleta majani ya kujiosha ndani, muganga akakataza kabisa. Uchungu ukanishika Januari 2025, risasi zinalia, nikazalia nyumbani. Hakukuwa na mtu wa kumpaka mtoto pomada ya tetrasiklini machoni. Baada ya siku chache macho yakavimba, usaha unatoka. Tulimkimbiza hospitali mara barabara zilipofunguka. Anaona vizuri, Mungu asifiwe. Mzee ndipo akakubali sindano.

— Munisamehe kuingilia, mimi ni baba, Katuba, Lubumbashi. Bibi alirudi na bilete ya kuniita CPN, nikafikiri ni faini 😂 Pale ni wamama watupu, unakaa kama mwizi. Ila walinipokea vizuri, nikachomwa, yakaisha.

— Niko muganga hapa Bagira. Kwa kaswende ya mimba, penisilini ndiyo tunayojua inamtibu na mtoto tumboni. Kama mwili wako unaikataa, sema mapema, usibadilishiwe tembe kwenye farmasi ya kona. Penisilini ianze siku 30 au zaidi mbele ya kuzaa, kwa hiyo musingojee mimba ya miezi nane. Mwenye VVU anakunywa dawa zake kila siku, mtoto anapewa nevirapini, dawa ya kumkinga na VVU, kuanzia anapozaliwa, na ananyonya.

— Muganga, na mimi ambaye bwana yuko kwenye machimbo Kamituga? Mimi nimeshamaliza sindano.

— Mutumie picha ya karatasi yako, apimwe na kuchomwa kulekule. Akija bila kutibiwa, ni kondomu. Hata akinuna.