Naomba ushauri: bima ya safari kwa mama mwenye shinikizo la damu
Ndugu zangu, salaam kutoka Uyole, Mbeya. Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 68, anatarajia kwenda Ujerumani kumwona mjukuu wake wa kwanza, na atakaa huko siku 60. Masharti ya viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo, yanataka bima inayogharimia matibabu ya dharura na kurejeshwa nyumbani kwa kiwango kisichopungua euro 30,000, itakayotumika katika nchi zote za Schengen kwa muda wote wa safari. Hayo nimeyaelewa.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba mama anameza dawa za shinikizo la damu kila siku. Wakala mmoja alinihakikishia kwa mdomo kuwa kila kitu kimo, lakini nilipousoma mkataba usiku, ukurasa wa 4, kwa maandishi madogo mno, nilikuta umeondoa maradhi yote ambayo msafiri alikuwa nayo kabla ya kukata bima. Maana yake, akipatwa na kiharusi kule, gharama zitatuangukia sisi tunaoishi kwa kuuza viazi.

Je, yupo aliyewahi kumkatia mzazi wake bima inayokubali maradhi ya kudumu, hata kwa kuongeza malipo? Na viza ikikataliwa, fedha hurudishwa kwa utaratibu gani? Naomba pia mnielekeze ni maswali gani nimtake wakala ayajibu kwa maandishi kabla sijalipa.