Tupeane uzoefu: kompyuta ya kwanza ya gemu kwa bajeti ya kubana, watu wa Arusha na Moshi mlichagua nini?

ChaliiWaSakina (mwenye uzi)

Wakuu, salamu kwenu.

Nina milioni moja na laki mbili, nataka kujiundia kompyuta ya gemu. Monita ninayo, kibodi na mausi ninavyo, kwa hiyo hiyo hela ni ya boksi na vilivyomo ndani. Gemu zangu hazina makuu: eFootball, GTA V, na CS2 (Counter-Strike 2) usiku na washkaji. Wikendi nahariri video za harusi.

Orodha za YouTube nimezishiba. Jamaa yupo Marekani anasema "bajeti ndogo", anaagiza leo, keshokutwa mzigo upo mlangoni, ukizingua anarudisha. Huku kwetu kadi ya grafiki (ile inayochora picha za gemu) inapanda basi Dar, unaipokea stendi ikiwa imefungwa kwenye boksi la sabuni, na muuzaji yuko zaidi ya kilomita 600 nyuma yake. Ndiyo maana nataka kusikia wa hapa hapa: ulianza kununua kipi, ulibana wapi, na wapi uligoma kubana.

Rasimu yangu: prosesa i3-12100F, ramu GB 16, SSD GB 500, na kadi ya grafiki kwa chenji itakayobaki.

Nawasilisha.

Mtu_wa_Kijenge

Nafuatilia. Naweka kambi hapa.

MangiWaSoweto

Mimi sikuunda, nilipandikiza. Nipo Moshi, Soweto, na bajeti yangu ilikuwa kama nusu ya yako, vitu vipya sikuviwaza hata.

Hizi kompyuta za maofisi ya Ulaya zimejaa mjini. Nilichukua Dell OptiPlex 9020 yenye i5-4590, ile ndefu ya kusimama. Hapo kwenye "ndefu" tia mstari. Wauzaji watakusukumia ile nyembamba kwa kuwa ni nzuri mezani, lakini inakubali kadi za kimo cha nusu tu. Hizo ni adimu, na ukiipata bei yake imechangamka.

Pawa saplai (boksi la ndani linalogawa umeme) ya 9020 ndefu ni wati 290 na haina ule waya wa pini sita wa kulisha kadi. Unabaki na kadi zinazotosheka na wati 75, ambazo ndizo sloti (pale kadi inapochomekwa) yenyewe inatoa: GTX 1050 Ti, au GTX 1650 isiyo na tundu la umeme mgongoni. Zipo 1650 zenye tundu, kwa hiyo omba picha ya kadi kwa juu kabla hujatuma hela. Yangu ni 1650 ya GB 4. GTA V inatiririka, eFootball wala haisikii. CS2 ndipo prosesa inapotoa jasho, maana ina viini (core) vinne na nyuzi (thread) nne basi. Zikirushwa bomu mbili tatu za moshi unaona kabisa picha inasita.

Ukomo wa njia hii niliujua tangu mwanzo, na wewe uujue. Madabodi (bodi kuu inayobeba vyote) ya 9020 inatumia plagi ya pini 8 badala ya ile ya kawaida ya pini 24, hivyo pawa saplai ya dukani haiingii bila adapta. Windows 11 haiitambui rasmi prosesa ya kizazi cha nne, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Mcheza Valorant asiguse kabisa, kwenye Windows 11 gemu hiyo inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vitu vya usalama vya kompyuta mpya.

Kwa milioni na ushee kama yako, mimi nisingepita huku. Kwa laki tano au sita, ningepita tena kesho.

Mzee_wa_Mbauda

Chukua PS4 ya mtumba, chenji lipa kodi ya chumba. Kibanda changu cha gemu kinaendeshwa hivyo hivyo, na vijana hawajalalamika.

ChaliiWaSakina

Mzee shikamoo. Bibi harusi akidai video yake nimpelekee pedi ya PS4?

Mzee_wa_Mbauda

Marahaba. Hapo umenifunga mdomo.

DadaNjiro

Kabla hamjauliza: ndiyo, niliifunga mwenyewe, sebuleni, na bisibisi moja ya nyota.

Kaka, hiyo F mwishoni mwa 12100F maana yake prosesa haina grafiki ya ndani. Kadi ikichelewa njiani, au ikifa siku moja, monita inabaki nyeusi na huwezi hata kujua kama madabodi ni nzima. Mimi jambo hilo ndilo lililoniamulia kila kitu, na sababu ni ya kimshahara kuliko ya kigemu.

Wengi wetu tunanunua kidogo kidogo. Mwezi huu keisi, mwezi ujao ramu, ule mwingine madabodi. Wauzaji wengi dhamana yao ni ya maneno: wiki mbili, mwezi ukiwa na bahati. Siku unayopata kadi na kuwasha kwa mara ya kwanza, ramu uliyonunua mwanzoni imeshatoka kwenye dhamana kitambo. Ikiwa mbovu, imekula kwako. Kwa hiyo nilisubiri hela itimie kwanza ya vitu vinavyoweza kuwaka bila kadi, nikanunua vyote kwa mkupuo, nikavijaribu siku ile ile.

Prosesa ni Ryzen 5 5600G. Viini sita, nyuzi kumi na mbili, na ndani yake ina grafiki ya Vega inayocheza eFootball na GTA V vizuri tu ukishusha mipangilio. Ila grafiki hiyo haina ramu yake, inakopa ya kompyuta. Ndiyo maana ramu weka vijiti viwili vya GB 8, usiweke kimoja cha 16. Viwili vinafungua njia mbili za kupitisha data, na kwenye prosesa hizi tofauti unaiona kwa macho bila kipimo. Ramu zimepanda bei vibaya tangu mwishoni mwa 2025, kwa hiyo DDR4 za mtumba zinazofanana pea ukizikuta, zijaribu na uzichukue.

Madabodi za B450 za mwanzo mwanzo zinahitaji biosi (programu ya kuwashia bodi) mpya ndipo ziitambue 5600G. Sikubishana na muuzaji. Nilimwambia aiweke prosesa, awashe, nione jina lake kwenye skrini, nilipe.

Kadi niliiongeza baadaye, RX 6600. Kuna aliyeniuzia wazo la RX 6500 XT kwa kuwa ni rahisi, nikagoma. Ile inatumia njia nne tu za PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na bodi. Kwenye bodi na prosesa za kizazi cha nne cha PCIe inajikongoja, na 5600G inaishia kizazi cha tatu, kwa hiyo kadi inabanwa koo. Tena haina kifaa cha kusimba video, na wewe ni mtu wa harusi.

Mtu_wa_Kijenge

Dada umeua. Huo ujanja wa kununua kwa mkupuo sijawahi kuusikia YouTube.

UngaLtd_Gamer

Niseme la kadi za mtumba, maana ndiko hela nyingi inakopotelea.

RX 580 ya GB 8 kwa hela ndogo bado ni mashine, lakini kwanza zijue ziko namna mbili. Halisi ina vichakataji 2304. Ile iliyoandikwa 2048SP ina 2048, idadi ile ile ya RX 570. Si mbovu, ila ilipiwe bei ya 570. Muuzaji mmoja wa Dar aliniapia kwamba zote ni moja. Shemeji yangu alikuwa kule, nikamwomba aende na flashi yenye GPU-Z. Programu ile ndogo inasoma kadi na kukwambia ukweli, hata zile feki zilizobadilishwa biosi inaziandikia neno FAKE mbele ya jina. Ikasoma 2048. Bei ikashuka pale pale, bila ugomvi.

GTX 1050 Ti ndiyo inayoigizwa sana: kadi za zamani za kina GTS 450 zinapakwa jina jipya. Ukiona 1050 Ti ina tundu la VGA, itilie shaka. Kizazi kile NVIDIA walishaondoa njia ya analogi.

Nyingi za 580 zimetoka kuchimba sarafu za kidijitali. Hilo peke yake halinitishi. Kinachonitisha ni feni inayolia na joto linalopanda bila kusimama. Mwombe muuzaji aendeshe FurMark, programu ya kuitesa kadi kwa kazi nzito, mbele yako, au kwa simu ya video kama uko mbali, robo saa nzima. Kadi nzima joto linapanda kisha linatulia mahali. Inayozima, inayochora mistari, au inayoendelea kupanda tu, mwachie mwenyewe.

Binti_Rau

Na Nairobi je? Namanga si hapo tu.

UngaLtd_Gamer

Nilipiga hesabu. Uchaguzi kule ni mpana, sikatai. Lakini kadi iliyotengenezwa China haigeuki bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kuwa imelala Nairobi. Mpakani inatakiwa itangazwe na ilipiwe, VAT ya asilimia 18 ikiwemo. Halafu ikizingua, unavuka tena na pasipoti au kibali kumfuata muuzaji. Kwa kitu kidogo kama SSD wala sioni sababu.

FundiWaya

Nimesoma wote, na hakuna aliyegusa kinachonipa mimi ugali: pawa saplai. Natengeneza kompyuta Ngarenaro, na nyingi za gemu zinazoletwa zimekufa kwa sababu ya lile boksi jeusi la bure linalokuja ndani ya keisi, limeandikwa 500W kwa herufi kubwa kama tangazo la mganga.

Usisome namba kubwa. Geuza upande wenye jedwali, tafuta safu ya volti 12, soma ampea zake, zidisha. Ikiandikwa 18A, hiyo ni wati 216 kwenye laini ya volti 12, na ndiyo laini inayolisha prosesa na kadi. RX 580 peke yake inaweza kula 185. Wati 31 zilizobaki ndizo ulishe prosesa, feni na diski? Pawa saplai ya kweli ya wati 550 itakuonyesha ampea arobaini na zaidi kwenye 12.

Halafu njoo kwenye umeme wetu. Volti 230 ni za kwenye karatasi. Saa moja jioni mtaa mzima ukiwasha pasi na majiko unazikuta chini ya hapo, na umeme ukikatika, ule unaorudi ndio muuaji kuliko ule ulioondoka. Ukikatika, chomoa. UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ni nzuri, ila usidanganywe na VA, ile namba ya kwenye boksi lake, si wati. UPS ya 650VA kwa kawaida inabeba kama wati 360 hadi 390, na kazi yake ni kukupa dakika chache uhifadhi kazi na kuzima, mechi usiiwazie. Nyingine moja: UPS za bei nafuu zinatoa umeme wa ngazi ngazi, na baadhi ya pawa saplai zenye PFC amilifu (saketi ya kusawazisha jinsi umeme unavyovutwa) haziupendi. Zinazima papo hapo UPS inaposhika zamu. Jaribu dukani na mzigo wako halisi. Ukibeba kompyuta kwenye bodaboda kwenda kujaribu, laza boksi mapajani na chomoa kadi kwanza. Sloti zilizovunjika nimeshaziona nyingi.

Kwa pesa yake, ningempa pawa saplai nafasi ya pili baada ya prosesa. Inahamia kompyuta ijayo. Kadi itabadilishwa, ramu itaongezwa, yenyewe ipo.

MangiWaSoweto

Fundi, na vumbi?

FundiWaya

Kiangazi cha huku vumbi linaingia hata kwenye soketi. Feni ya mbele ivute kupitia kichujio, na boksi lisikae sakafuni. Arusha baridi inatusaidia, Juni na Julai kadi zinapumua zenyewe. Nyie wa Moshi joto lenu mnalijua, msinunue keisi ya kioo mbele.

ChaliiWaSakina

Wakuu, nimefuta rasimu. Mpya ni hii: 5600G, madabodi ya B550, vijiti viwili vya GB 8, SSD ya NVMe GB 500, na pawa saplai ya wati 550 ambayo nitaisoma jedwali mwenyewe. Kadi isubiri msimu wa harusi, Desemba huwa natoka vizuri. Vyote nitanunua kwa mkupuo kama alivyosema dada.

Kilichobaki ni keisi. Bajeti imebaki na kama elfu hamsini, na zote ninazozikuta kwa bei hiyo ni za kioo mbele.

DadaNjiro

Usiichukue. Pima pia urefu wa ndani, kutoka nyuma kwenye sloti hadi kwenye feni ya mbele. RX 6600 za feni mbili nyingi zinacheza kwenye sentimita 20 hadi 24. Keisi ndogo zina kizimba cha diski kinachoziba hapo hapo, na huwezi kukiondoa kama kimegongewa misumari.

Mtu_wa_Kijenge

Mimi niliyeweka kambi nina keisi ya wavu mbele, feni mbili zinazunguka, kioo cha ubavuni kina ufa kwenye kona. Ipo Kijenge, elfu thelathini. Njoo na futi.

ChaliiWaSakina

Nakuja PM sasa hivi mkuu, usimpe mtu.