Kwa nini mfupa uliovunjika huunga, lakini gegedu lililobanduka haliponi?

Muuliza swali

Ndugu wanajukwaa, nina swali ambalo limenikaa kichwani muda mrefu. Nilipokuwa na umri wa miaka 17 nilivunjika mfupa wa muundi. Nilifungwa plasta kwa zaidi ya miezi mitatu, na mfupa ukaunga vizuri kiasi kwamba leo kilichobaki ni kinundu kidogo ninachokihisi nikipitisha kidole mbele ya mguu. Miaka 18 baadaye nilianguka mchezoni, nikaumia goti la mguu uleule. Daktari aliingiza kamera gotini, na picha aliyonionyesha ilikuwa ya kitu cheupe kinachong'aa kama kaure, katikati yake pana shimo la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Aliniambia kwamba gegedu, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limebanduka na halitaota tena lenyewe.

Jambo hili linanitatiza. Mfupa mgumu uliungana wenyewe, na gegedu laini lililoufunika mfupa huohuo linashindwa? Mimi ningetarajia kinyume chake. Naomba anayefahamu anieleze tofauti hiyo inatoka wapi, na kama kweli viko vidonge vya kulirudisha, maana matangazo yake ni mengi.

Mwalimu wa fiziolojia

Ugumu ndio unaokupotosha, ndugu yangu. Mfupa tunaouona darasani ni mkavu, kwa hiyo tunaufikiria kama jiwe, ilhali mfupa ulio mwilini una damu tele na haupumziki. Seli ziitwazo osteoklasti huubomoa kidogo kidogo kwa kutoa asidi na vimeng'enya, na nyuma yake osteoblasti huja kujenga upya kwa kolajeni (protini ya nyuzi imara) na madini ya kalsiamu na fosfeti. Kwa mtu mzima, takribani asilimia 10 ya mifupa yote hufanywa upya kila mwaka. Baadhi ya osteoblasti hufukiwa ndani ya kazi ya mikono yao wenyewe, zikageuka kuwa osteositi, ambazo hubaki zimeunganishwa kwa vijifereji vyembamba mno na kuhisi uzito unaoulemea mfupa, kisha hutoa ishara pa kubomolewa na pa kuongezwa.

Kwa hiyo, ulipovunjika, mafundi walikuwa tayari kazini. Damu iliyovuja iliganda katikati ya vipande viwili, na seli changa kutoka katika uboho na katika utando unaoufunika mfupa zikaingia katika donge hilo. Linalofuata huwashangaza wanafunzi wangu kila mwaka: kitu cha kwanza ambacho seli hizo hujenga kwenye pengo ni, kwa sehemu kubwa, gegedu. Mishipa ya damu ikishaota ndani yake, gegedu hilo hujaa madini na nafasi yake huchukuliwa na mfupa, kwa utaratibu unaofanana sana na ule uliokurefusha miguu utotoni. Kinundu unachokigusa ni mabaki ya kiraka hicho ambayo osteoklasti hazijamaliza kuyachonga.

Gegedu la kwenye kiungo limeumbwa kwa masharti tofauti kabisa. Halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Seli zake, kondrositi, ni asilimia chache tu ya ujazo wake, na kila moja imekaa katika kijumba chake, mbali na mwenzake. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji, yaliyoshikwa na molekuli kubwa ziitwazo agrekani, ambazo chaji zao hasi huyavuta maji kwa nguvu, na wavu wa kolajeni huzizuia zisivimbe kupita kiasi. Ukisimama, maji hukamuliwa. Ukiinua mguu, hurudi ndani yakiwa na chakula kutoka katika ute wa kiungo. Muundo huo ndio unaolipa gegedu ulaini na utelezi wake, na mishipa ya damu isingeweza kustahimili mgandamizo ule. Lakini gharama yake ndiyo hiyo uliyoiona kwenye picha: mkwaruzo usiofika mfupani hautoi damu, pasipo damu hapagandi donge, na pasipo donge seli za ukarabati hazina pa kuingilia. William Hunter, daktari Mskoti aliyefanya kazi London, aliandika mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi, na kwa gegedu lililoachwa lijiponye lenyewe kauli hiyo bado inasimama.

Mtafiti wa tishu

Maelezo ya Mwalimu ni mazuri, ila naona damu ni nusu tu ya jibu. Kama tatizo lingekuwa ukosefu wa damu peke yake, shimo linalofika hadi mfupani lingepona kikamilifu, kwa kuwa damu ya uboho huingia humo. Madaktari hata hulifanya hilo makusudi, kwa kutoboa vitundu vidogo katika mfupa ulio chini ya jeraha. Shimo hujaa, ni kweli, lakini hujaa kovu la nyuzi lenye kolajeni nyingi ya aina ya kwanza, wakati gegedu halisi hutegemea aina ya pili. Na kovu hilo huchakaa mapema.

Nusu ya pili ni kwamba wavu wa kolajeni wa mtu mzima haufumwi upya. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza hewani kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, nayo ikaingia katika miili ya watu wote walioishi wakati huo, kwa hiyo kiasi chake katika tishu hudokeza tishu hiyo ilijengwa lini. Watafiti waliopima kaboni hiyo katika magegedu ya magoti, na kuchapisha matokeo mwaka 2016, waligundua kwamba kolajeni yake ni ile iliyowekwa utotoni na ujanani, hata katika magoti yenye ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo. Agrekani hubadilishwa, wavu haubadilishwi. Wavu wa goti lako ulikuwa umekwisha kufumwa, au unakaribia kwisha, siku ile ulipovunjika muundi.

Muuliza swali

Nawashukuru sana, sasa nimeelewa. Je, nilipumzishe goti ili kilichobaki kisiishe? Na vipi kuhusu vile vidonge?

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo

Kuhusu vidonge, jaribio kubwa la glukosamini na kondroitini, viambato vya kawaida vya vidonge hivyo, lililofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2006 halikuonyesha, kwa wagonjwa wote kwa ujumla, kwamba vinapunguza maumivu ya goti kuliko vidonge visivyo na dawa. Mimi nisingevitumainia kukujazia shimo.

Kuhusu kupumzika, Mwalimu amekwisha kutoa jibu bila kukusudia: gegedu hulishwa kwa kukamuliwa na kuachiwa. Kwa watu waliopooza miguu, gegedu la goti hupungua unene. Mfupa nao hufuata mkondo huohuo. Wanaanga hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa madini ya nyonga kila mwezi wakiwa angani. Mwendo wa kiasi, kama baiskeli au kuogelea, unafaa kuliko kitanda, ilimradi goti lisivimbe baadaye.

Usitumie maumivu peke yake kama kipimo, kwa sababu gegedu halina neva. Unachokisikia hutoka katika mfupa ulio chini yake au katika utando wa kiungo, na mara nyingi huchelewa. Muulize daktari wako kina cha shimo na eneo lake kwa sentimita za mraba, kwani hayo huamua mengi. Kwa mashimo makubwa ipo njia ambayo madaktari wa Sweden waliitolea ripoti mwaka 1994, ya kuchukua kondrositi chache za mgonjwa mwenyewe, kuzizalisha maabara kwa wiki kadhaa na kuzirudisha gotini. Kwa shimo la ukubwa wa ukucha, inafaa uulize kama wewe ni miongoni mwa wanaoweza kufanyiwa.